Pacha Aliyeingia Zizini

Kwako binti yangu Chelangat, uliye mbali na moshi wa jiko langu,

Nakuandikia mchana, nimekaa kwenye benchi ya nje, mgongo nimeuegemeza kwa ukuta wenye jua. Majani ya chai nimeshapeleka kituoni, ng'ombe wamekunywa maji, na kogo yako, nyanya mzaa baba yako, amesinzia kwenye kiti, blanketi magotini, mdomo wazi kidogo. Ungekuwa hapa ungesema, mama, si ungepiga simu tu. Simu napiga. Lakini mimi na wewe kwa simu hatuna maneno. Umekula, huko kuna baridi, Mungu akulinde, halafu inakata. Yale mengine yote hubaki yamenikaa kifuani kama kiporo cha ugali.

Barua hii nimeiacha wazi. Anayetaka kuisoma na aisome, hasa akina mama ambao watoto wao hufanya kazi ambayo jicho haliioni. Mimi shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo wakikuta makosa wayaruke tu, kama mtu anavyoruka matope ya njia ya Kiptere.

Unakumbuka stima ilipofika kwetu? Walikuja na lori la posti, wakachimba mashimo pembeni mwa chai yetu, posti moja wakaisimamisha pale kona ya zizi. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo. Baba yako, Mungu amlaze pema, alisimama chini ya balbu akaitazama mpaka macho yakatoa machozi, na nilipomwambia atoke hapo akasema anaangalia kama inapungua. Mimi ile swichi sikuishika na mkono kwa muda mrefu sana. Nilikuwa naibonyeza na mwiko wa ugali. Ukaenda shuleni ukatangaza, "Kwetu stima inawashwa na mwiko," na mwalimu wako akaniuliza kwenye mkutano wa wazazi kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na yeye aache kushika swichi na mikono yenye chaki.

Wewe hukuogopa. Nilikukuta siku moja umeikumbatia posti, sikio umelibandika kwa mbao. Ukaniambia, "Mama, inaimba." Sikio moja lilikuwa kwa posti, lile lingine nikalivuta mimi mpaka nyumbani.

Halafu ikaja ile masika ya ng'ombe wa Mama Akinyi. Watu wa mbali hawamjui, kwa hivyo niseme: ni jirani yetu wa chini. Yeye na mzee wake walitoka upande wa ziwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na mzee alipostaafu wakanunua shamba dogo hapa wakakaa. Tumekopeshana chumvi mpaka hatujui tena nani alianza. Asubuhi ile waya ilikuwa imekatika usiku ikalala kwenye nyasi za ng'ombe, na ng'ombe wake akaenda kula. Tulimkuta amenyooka miguu kama meza iliyopinduliwa. Mama Akinyi alitaka kumkimbilia, mzee wake akamshika kiuno, nami nikakushika wewe, na tukasimama hivyo, kila mtu amemshika mtu wake, mpaka watu wa stima wakaja.

Jioni uliniuliza kitu. Ulisema, "Hiyo waya haikuanza kuharibika leo. Mbona hakuna mtu alijua?" Nikakuambia mambo ya stima yanajulikana na Mungu na watu wa stima. Ukavuta mdomo, ule mdomo wako wa mtu aliyenusa maziwa yaliyoharibika. Jibu halikukutosha. Hata mimi halikunitosha, ila mimi nililala nalo hivyo hivyo.

Siwezi kusema nililala. Tangu siku ile upepo ukivuma mimi huwa nje na tochi, natazama waya. Baba yako alikuwa akisema, "Njoo ndani, waya haikujui." Alipotutoka nikawa natazama peke yangu. Pale juu ya zizi waya ilipita karibu na mikaratusi, ile miti tunayoita blugamu, na unajua blugamu inavyokua, ukienda sokoni Sigowet ukirudi imeongeza tawi. Chini yake kuna mabua ya mahindi tunayowekea ng'ombe, na kando ya mabua ndipo kogo huketi kuchambua maharagwe, kwa sababu anapenda kusikia ng'ombe wake wakitafuna. Nyumba nayo iko hatua chache tu. Nilikuwa nawaza, cheche moja tu ikianguka hapo wakati wa kiangazi, nitamwokoa nani kwanza.

Kwa hivyo ulipomaliza ile shule ya bweni ya Bomet ukasema unakwenda kusomea stima, nilikaa chini. Nikakuuliza kama duniani kazi zisizo na waya zimekwisha. Ualimu upo, uuguzi upo. Ukacheka. Ulipoandikwa kazi Nairobi, kila nikifumba macho nakuona juu ya posti, umefungwa mkanda kiunoni kama mbuzi wa kupelekwa soko. Ukaniambia, "Mama, mimi sipandi posti. Nakaa kwa kompyuta."

"Sasa kompyuta na posti zinajuana wapi?"

"Nitakueleza."

Ukanieleza, kweli. Lakini ulinieleza siku ya mvua.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Simu nimeibana sikioni na mkono, sikio lingine nimeziba na kidole. Nikasikia unasema, kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwenye sauti yako, "Mama, tumepata pacha." Halafu kelele. Halafu, "Wa kwanza atakuwa wa huko nyumbani." Halafu kelele tena. Halafu, "Nikija Krismasi nitakuonyesha." Simu ikakata.

Chelangat, ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Mwanaume sikuwa nimesikia habari zake. Nikasema nitauliza baadaye, mapacha kwanza. Nikakimbia kwa mvua bila leso mpaka jikoni kwa kogo nikamwambia, "Chelangat ana mapacha." Nilitegemea atapiga vigelegele. Yeye akachukua fimbo yake akachora chini, akafuta, akachora tena.

"Basi asiingie zizini," akasema.

Wewe umezaliwa wakati mambo hayo yamekwisha, kwa hivyo hukuyajua. Kwetu zamani mama wa mapacha alikuwa hakanyagi zizi. Alipewa ng'ombe wake mmoja wa kunywa maziwa yake, na kabla hajaingia nyumba ya mtu alinyunyiza maji chini. Si kwamba alichukiwa. Walisema uzazi wake una nguvu nyingi, na ng'ombe hawawezi kuzibeba, watakufa. Siku hizi tuko kanisani, mapacha wanavishwa nguo za kufanana na kupigwa picha. Lakini kogo yako anakwenda kanisani na zile habari za zamani anazo mfukoni, hajazitupa.

Nikamwambia mama, hayo yamepitwa. Akasema yamepitwa na watu, hayajapitwa na ng'ombe.

Mama Akinyi yeye alipopata habari aliweka kikapu cha majani chini akacheza palepale kwenye chai. Kwao mapacha wana ngoma yao, watu wanacheza na kutukanana kwa furaha mpaka wakwe wanatazama pembeni. Akaja kwetu jioni, majina tayari anayo.

"Wa kwanza Apiyo, wa pili Adongo," akasema.

Kogo akamwambia, "Hao bacha si watoto wa ziwa."

"Bacha ndiyo nini, kogo? Mimi nazungumzia pacha."

"Ndiyo hiyo hiyo. Bacha."

"Basi tugawane. Wewe chukua bacha, mimi nichukue pacha."

Kogo alicheka mpaka akashika ubavu, lakini fimbo ya kuziba mlango wa zizi alishaikata.

Ukaja Krismasi. Huu ni wakati wa kukuambia jinsi ilivyokuwa sura yako, kwa sababu wewe hukujiona. Ulishuka na begi lako la mgongoni, umekonda, na mimi nikasema moyoni, mapacha wanamla mtoto wangu. Nikakupokonya begi usibebe kitu kizito. Ukalirudisha kwa nguvu, ukasema ndani kuna kitu cha maana. Kogo akakuzuia mlangoni akamwaga maji ya kikombe mbele ya miguu yako. Ukaniangalia. Nikaangalia kuku. Ukataka kwenda kuona ndama kama kawaida yako, ukakuta fimbo imelazwa mlangoni mwa zizi, na kogo ameketi kando yake kama askari wa benki. Akakuambia, "Wewe ng'ombe wako ni yule mweusi, atafungwa nje. Maziwa yake ndiyo yako. Hawa wengine waangalie kwa mbali."

Ulikuja jikoni ukaniuliza pole pole, "Mama, nimewakosea nini?"

Kabla sijajibu Mama Akinyi akaingia na ungo kichwani, anacheza, ananitukana mimi matusi ambayo hapa siwezi kuandika kwa sababu mchungaji naye anasoma. Akakushika tumbo na mikono yote miwili. Halafu akaacha kucheza.

"Mama Chela," akasema, "hapa hakuna watu."

"Hakuna watu gani?" ukauliza. "Nani ana mimba?"

Mama Akinyi akanigeukia mimi.

Nikakuambia ulivyoniambia kwenye simu. Ulikaa chini kwenye gunia la mkaa na nguo zako za Nairobi, ukacheka mpaka ukalia, halafu ukalia kidogo bila kucheka, halafu ukafungua begi. Ukaweka kompyuta mezani, katikati ya sufuria ya chai na mursik, maziwa ya kibuyu aliyotuandalia kogo, ukasema, "Huyu ndiye pacha."

Nikaona kwetu. Niliona mabati yetu, na lile bati jipya moja linalong'aa. Niliona chai, safu kwa safu, na njia ya kwa Mama Akinyi. Niliona ile posti ya kona ya zizi, na waya, na blugamu, kila mti na urefu wake. Ukatueleza taratibu, kama mtu anayelisha mtoto. Ukasema mmepitisha juu ya laini ile ndege ndogo inayopiga picha kwenye harusi. Ukasema kwenye posti zingine mmefunga kijisanduku kinachopima joto la waya na kinasikia kama stima inavuja mahali. Habari za upepo na jua mnazipata kila siku. Vyote hivyo mnavimwaga ndani ya kompyuta, na humo ndani kuna laini nyingine ya stima, sawa na hii ya nje kwa kila kitu. Waya ya nje ikipata joto ikalegea, ya ndani inalegea. Mti wa nje ukirefuka, wa ndani unarefuka. Ndiyo maana mnaita pacha.

Mimi nilikuwa nimeshika leso mdomoni. Kogo ndiye aliuliza. "Na huyo wa ndani akiugua, mwenzake pia anaugua?"

"Hapana, kogo. Tunamfanya wa ndani augue kwanza. Tunamletea upepo mkali, tunamletea kiangazi, tunaona atavunjika wapi. Halafu tunakwenda kumtibu wa nje kabla hajavunjika."

Kogo akasema, "Basi ni pacha wa kweli. Hiyo kompyuta isiingie zizini."

Na haikuingia. Ulikaa wiki nzima na kila ulipotaka kwenda kuona ndama, uliiacha kwangu jikoni.

Sasa nifike kwenye siku ile. Wewe unajua upande wako wa Nairobi. Upande wetu hujawahi kuambiwa wote, kwa sababu kila nikianza kukuambia kwa simu unalia, nami nalia, na pesa ya simu inaisha bila habari.

Kilikuwa kiangazi kile kibaya. Chai ilikuwa imekunja majani kama ngumi, hatuna cha kuchuma, vumbi mpaka ndani ya unga. Nilikuwa nafua. Redio ya stima ilikuwa inaimba dirishani. Ukapiga, na hukuniuliza kama nimekula. Hapo nikajua.

"Mama, uko wapi?"

"Niko nyumbani. Kuna nini?"

"Toka chini ya waya. Toa kogo, toa ng'ombe. Kikombe cha ile posti ya zizi kimepasuka, stima inavuja, na waya imelegea kwa joto. Upepo wa mchana ukija utaipiga kwenye blugamu. Hapa kwa kompyuta nimeuleta huo upepo mara nyingi, kila mara inakatika, inaangukia mabua."

"Si mzime basi."

"Tumeomba ofisi ya Kericho wazime. Wanahakikisha kwanza, kuna hospitali kwenye laini hiyo hiyo. Mama, usingoje wao."

Kikombe ulichosema ni kile cha udongo kinachoshika waya juu ya posti isiguse mbao. Nikainua macho nikatazama. Sikuona chochote. Waya ilikuwa waya, mti ulikuwa mti, mbingu haina hata wingu, hakuna upepo wa kutikisa jani. Miaka yote nilitazama waya ile nikiogopa bila sababu, na siku yenye sababu haikuonyesha kitu.

Nikakimbia kwa kogo. Alikuwa kwenye kigoda chake kando ya mabua, ungo wa maharagwe mapajani.

"Mama, tuondoke hapa. Chelangat anasema waya itaanguka."

Akatazama juu. "Hii? Hii ilikuwepo jana."

"Mama, kuna moto unakuja."

"Moshi uko wapi?"

Nikamshika mkono, akautoa. Unamjua. Ukimvuta anakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akasema ng'ombe wamelala wanacheua, hawasumbuliwi jua kali hivi kwa ajili ya mtu aliye Nairobi. Nikaenda kufungua ng'ombe mwenyewe, kamba haifunguki, na ng'ombe nao hawanisikii mimi, wanamsikia yeye. Mama Akinyi alinisikia akaja mbio kutoka chini, akasimama upande wa pili wa ua akiniuliza kuna nini, kuna nini, nami sina pumzi ya kumjibu.

Ndipo maneno yakanijia. Sikuyatafuta. Nikageuka nikamwambia, "Mama, pacha ameingia zizini."

Kogo aliweka ungo chini.

"Yuko wapi?"

"Yuko hapo juu. Juu ya zizi. Chelangat amemwona."

Sijawahi kumwona mama yule akiinuka hivyo tangu niolewe hapa. Fimbo aliiacha. Aliingia, akapiga mluzi ule wake wa chini chini, na kamba ambazo mimi zilinishinda akazifungua kama anavua shanga. Wale ng'ombe walitoka wamefuatana nyuma yake kama watoto wa Sunday School, ndama wa mwisho nikamsukuma mimi matako. Tukapita uani kwa Mama Akinyi, tukaingia nyasi zake bila kuomba, na yeye akafungua lango lote akasema, "Pitisheni, pitisheni, tutagombana kesho."

Tulisimama kule chini, tunahema. Nikasikia redio yangu bado inaimba dirishani. Nikajua stima bado ipo. Nikaomba, Mungu anajua nilivyoomba, wala haikuwa sala ya kupangwa, nilisema tu zima, zima, zima.

Redio ikanyamaza.

Na upepo ukaja baada ya hapo, ule wa vumbi, kutoka upande wa bondeni. Blugamu zikainama zote pamoja. Waya ikayumba, ikapiga tawi, ikarudi, ikapiga tena. Kile kikombe kikaachia. Waya ikakatika kwa mlio kama mjeledi, ikaanguka, ikajikunja juu ya mabua, na ncha yake ikalala kwenye ungo wa maharagwe.

Hakuna cheche. Hakuna moshi. Waya imelala tu, kama nyoka aliyekufa zamani.

Mama Akinyi akasogea aone vizuri, nikamshika kiuno. "Hata ikiwa imekufa," nikamwambia. Akasema, "Najua. Ng'ombe wangu alinifundisha." Tukakaa palepale mpaka lori la watu wa stima likatokea. Walipanda, wakateremsha vipande vya kile kikombe, kimepasuka ndani kwa ndani, nje hakionyeshi. Mkubwa wao akatazama mabua, akatazama nyumba, akatazama kigoda cha kogo. Akaondoa kofia.

"Nani aliwaambia mhame hapa?"

Kogo akamjibu kwa Kiswahili chake, "Ni bacha."

Yule bwana akaniangalia nimweleze. Nikamwambia ni habari ndefu, anywe chai kwanza.

Walikata ile safu yote ya blugamu siku zilizofuata. Kogo alinung'unikia kivuli, halafu akahamisha kigoda upande wa jikoni, akasema huku anasikia na umbea pia. Jioni ile lakini, ng'ombe waliporudi na tukawa tumekaa na taa ya mafuta ya taa, aliniambia, "Mwambie Chelangat huyo pacha wake ana adabu. Alibisha hodi kabla ya kuingia."

Hayo ndiyo nilitaka uyajue. Ulipopata ile nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea zaidi, ulisitasita kwa ajili yangu. Ulidhani nitabaki hapa na tochi yangu, nazunguka nje kila upepo ukivuma. Nami sikukuambia kitu, nilikupakia tu majani ya chai kwenye begi kama vile huko hakuna maduka. Sasa nakuambia. Kazi yako nimeielewa. Sielewi ya ndani, hiyo ya hesabu na kompyuta. Naelewa kwamba kuna mtu ameketi mahali anatazama waya ile badala yangu, na anaiona vizuri kuliko mimi, kwa sababu yeye anaiona na ya kesho.

Na kuna akina mama chini ya waya zote hizo, kutoka hapa mpaka Bomet na kwingine nisikokujua, wanaanika mahindi, wanaogesha watoto. Hawakujui jina. Mimi nikimkuta mmoja wao chini ya posti siku hizi nawaza, huyu naye ana mtoto wa mtu anayemwangalia.

Ng'ombe mweusi kogo amekataa auzwe. Anasema mama wa pacha lazima awe na ng'ombe wake, na huyo ni wako kwa haki. Amezaa jike. Mama Akinyi ameshampa jina la Apiyo na hakuna aliyemzuia.

Kwa hivyo soma, mama yangu. Vaa soksi. Chakula cha huko ukikizoea usiseme uongo kwamba hukizoei, mimi sitaona wivu. Usirudi kabla hujamaliza eti kwa sababu yetu. Kongoi, asante, na Mungu awe mbele yako kwenye hizo njia zenye baridi.

Simu zako za juzi nimeziona, na ule ujumbe unaouliza kama tuko hai, mbona sishiki. Ni kweli ilinyesha ile mvua ya mawe, na upepo wake, na stima ikapotea mpaka asubuhi. Usiwaze mabaya. Sikushika simu kwa sababu nilikuwa nimelala.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako